Chupa ya Kupimia Hofu

Mama yangu alikuwa akiogopa saa tisa alasiri. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo alivyosema mwenyewe, na mimi sijapata maneno yaliyo bora zaidi, ingawa nimefanya kazi ya maabara maisha yangu yote na nilitakiwa niwe nayo. Asubuhi alikuwa mzima kabisa. Alilima, alitwanga, aligombana na kuku. Ikifika saa tisa moyo ulimwenda mbio, viganja vikawa baridi, jasho likamtoka kifuani na kichwa kikamgonga, naye akaenda kukaa kizingitini huku mkono mmoja umeshika mwimo wa mlango. Ukimuuliza anaogopa nini, alisema hajui. Baada ya nusu saa hivi yalikwisha, akainuka kwenda kuwasha moto.

Yalianza baada ya kuhamia kijijini. Zamani tulikuwa na mji wetu peke yetu upande wa Sindeni, mbali na barabara: nyumba nne, zizi, na makaburi ya wazee nyuma ya shamba la mihogo. Ulipofika wakati wa vijiji vya ujamaa, watu wa kila pembe walikusanywa wakapangwa kwa mistari kando ya barabara, nyumba ikitazamana na nyumba. Mimi nilikuwa nimeshaondoka. Nilikuwa msaidizi wa maabara katika hospitali moja huko Korogwe, nina koti jeupe na kalamu mbili mfukoni, na niliyaamini mambo yale kuliko wao waliobeba vyungu vichwani. Nilimwambia mama kwamba sasa atapata maji, zahanati na majirani. Akanijibu kwamba majirani ameshawapata, hata akikohoa wanamwitikia.

Baba alikuwa ameshafariki. Mama aliishi na shangazi yangu, dada yake baba, mjane kama yeye. Mawifi wengine hawapatani, lakini hawa walikuwa wamezoeana mpaka wakaanza kufanana mwendo. Shangazi alikuwa mwanamke mkubwa, mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto, mtani wa kila mtu. Kwenye shamba la kijiji alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka, na viongozi walimtaja mikutanoni. Alitoka jasho hata wakati wa kipupwe. Kichwa kilimuuma mara kwa mara, akakikaza kwa kitambaa na kuendelea na jembe. Ukoo mzima ulijua kwamba shangazi haumwi, na mimi niliyesomea magonjwa nililijua hilo pamoja nao.

Nilimleta mama kwa daktari wetu baada ya waganga wawili kushindwa. Daktari alikuwa Mzungu mrefu aliyejifunza Kiswahili kwenye kitabu. Alikijua chote isipokuwa kukiongea. Alimpima mama presha saa nne asubuhi, ikawa ya kawaida. Akamwambia abaki. Akampima tena saa tisa, mama akiwa ameketi kwenye benchi la maabara ameshika ukingo wa meza yangu, na presha ilikuwa imepanda vibaya. Daktari alifurahi kwa namna ambayo haikunipendeza hata kidogo.

"Ndugu," aliniambia, maana siku zile sote tulikuwa ndugu, "mama yako anayo hofu isiyo na sababu. Yawezekana hofu hiyo inapikwa mwilini."

Akanieleza, na mimi nitaeleza kama nilivyoelewa, ambavyo si lazima viwe ndivyo. Juu ya figo kuna tezi mbili ndogo. Mtu akishtuka, zinamwaga kitu kwenye damu, na kitu hicho ndicho kinachokimbiza moyo na kuleta jasho. Mishipa ya fahamu nayo inatumia vitu vya jamaa hiyo kupelekeana habari. Vikishafanya kazi yake, mabaki yake yanatoka kwenye mkojo. Mara chache sana, kwa mtu mmoja kati ya wengi, inaota nyama juu ya figo inayomwaga kitu hicho bila kuulizwa, hata kama hakuna simba wala mwizi. Mtu huyo ataogopa bila kuwa na cha kuogopa, mpaka siku moja moyo au mshipa wa kichwani utashindwa. Dawa yake ni kupasuliwa na kuitoa nyama hiyo. Na upasuaji wenyewe unaua, kwa sababu nyama ikiguswa inamwaga hofu yote kwa mpigo.

"Kwa hiyo kabla ya kumpasua," alisema, "lazima tujue. Tutaipima hofu yake."

Alikuwa na dawa za kipimo hicho ndani ya sanduku lake mwenyewe, kidogo tu, za kutosha mara chache. Alitaka mkojo wa siku nzima, asubuhi hadi asubuhi, kwa sababu hofu inakuja na kuondoka na huwezi kuivizia. Nikaosha chupa kubwa ya kahawia ya lita mbili na nusu, tuliyokuwa tumeletewa dawa ndani yake. Nikatia tindikali kidogo chini, ya kuzuia usioze. Wodi ya wanawake ilikuwa imejaa, na mama mwenyewe alisema halali hospitali kama si mgonjwa wa kubebwa. Daktari akakubali afanyie nyumbani kwangu, Kilole, nilikopanga chumba kimoja na sebule. Shangazi alikuwa amekuja naye, atamsaidia.

Hapo ndipo nilipokosea, na mpaka leo sioni ningefanyaje. Mimi ni mtoto wa kiume. Kwetu mtoto wa kiume hasemi na mama yake habari za haja ndogo. Mikojo ya Korogwe nzima ilipita mikononi mwangu, ya kichocho, ya sukari, ya wenye mimba, na sikuona haya. Lakini wa mama, hapana. Nikamwita shangazi pembeni, nikamkabidhi chupa huku nikitazama ukuta. Nikamwambia kwamba chombo hiki ni cha hospitali. Mama akitumie tangu kesho asubuhi mpaka keshokutwa asubuhi. Kila tone liingie, lisimwagike hata moja. Wasiguse kilichoko chini. Mama asile ndizi, asinywe chai wala kahawa tangu sasa, vinaharibu kipimo. Shangazi alisikiliza kwa makini yake yote.

"Basi wewe nenda zako, baba," alisema. "Hii kazi ya wanawake."

Nikaenda kulala kwa mfanyakazi mwenzangu siku mbili, ili nisiwepo chupa inapotumika. Hiyo ndiyo iliyokuwa adabu.

Siku ya tatu shangazi aliileta chupa mwenyewe maabara, imo ndani ya kikapu, imefunikwa kitambaa kilichofumwa, kama anayepeleka chakula kwa wakwe. Aliiweka mezani na kupumua kwa fahari. Ilikuwa imejaa mpaka shingoni.

Nikaitazama. Mama yangu alikuwa mwanamke mwembamba, hana kilo hamsini. Joto la Korogwe mwezi ule lilikuwa linakausha hata mate. Mtu kama yeye, kwa siku nzima, angetoa lita moja kwa shida. Nililijua hilo kama ninavyojua jina langu. Nikapima kwa silinda, nikaandika lita mbili nukta nne kwenye daftari.

"Mama yako anakunywa maji mengi?" aliuliza daktari.

"Sana," nilisema.

Kwa nini nilisema hivyo? Nimejiuliza miaka mingi. Nadhani ni kwa sababu jibu la kweli lingenilazimu kumuuliza mama, au kumuuliza shangazi kuhusu mama. Ilikuwa rahisi zaidi kuamini kwamba mama anakunywa sana. Nikaamini.

Kipimo kilichukua siku mbili. Kulikuwa na kuchemsha, kuchuja na kutikisa, kisha daktari akadondosha matone chini ya karatasi ndefu ya kuchujia: tone moja la mkojo wa mama na pembeni yake tone moja la wangu mimi, ili tuone mtu asiye na hofu anakuwaje. Karatasi tukaitundika ndani ya mtungi wa kioo wenye kimiminika, kikaanza kuipanda polepole, kikibeba vilivyomo, kila kitu kikiachwa mahali pake. Kesho yake tukaikausha na kuinyunyizia dawa. Nikasimama karibu kuliko nilivyoruhusiwa. Upande wangu, pale daktari alipokuwa ameweka kidole, palitokea alama hafifu ambayo ungehitaji mwanga kuiona. Upande wa mama paliiva rangi ya zambarau, nzito, kama mtu ametema ganda la zambarau lenyewe juu ya karatasi.

Sikujua nifurahi au nilie. Kipimo kilikuwa kimefaulu. Daktari alinishika bega, akasema hajawahi kuiona wazi hivyo. Akaketi kuandika barua ya hospitali kubwa ya Dar es Salaam, ili mama akapasuliwe.

Nilikwenda kumweleza mama. Hofu niliweza kuizungumza, maana haikuwa mkojo tena, ilikuwa karatasi.

"Watanipasua waitoe hofu?" aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Na wakishaitoa, wataipeleka wapi?"

Nilisema sijui. Nikamwambia ukweli kwamba wengine hawaamki. Akasema kama daktari ameiona, basi ipo, na yeye amechoka nayo. Akaanza kukunja kanga zake. Shangazi alikuwa kwenye jiko la mkaa uani, akichemsha chai, na nilipotoka nikamkuta anamenya ndizi mbivu za Kishambaa alizonunua stesheni. Nilimsalimu, akaitikia, akanipa moja. Akataka kunifariji.

"Usiogope, baba. Kazi imekwenda vizuri. Na bila mimi mngepata aibu, maana mama yako peke yake angejitahidi mpaka asubuhi, chupa isingefika hata nusu. Chombo cha watu unakirudishaje nusu, kama huna adabu?"

Nilisimama na ile ndizi mkononi.

Lazima nieleze, ingawa msomaji wa kwetu ameshaelewa. Jirani akikuletea mboga kwenye bakuli, bakuli halirudi tupu. Unatia hata viazi viwili, hata chumvi. Mama yangu na shangazi walikuwa wamelelewa hivyo, na kule kijijini, ambako kila siku waliambiwa wachangie, tabia ile ilikuwa imezidi. Hospitali imekupa chombo. Imekwambia kila tone liingie. Wifi yako hana cha kutosha. Utamwacha aaibike? Shangazi alikuwa amemchangia, kwa moyo mweupe, siku nzima na usiku wake.

"Mama anajua?" nilimuuliza.

"Anajuaje asijue? Alinishukuru."

"Na wewe ulikula ndizi?"

"Ulisema mama yako asile. Mimi mbona siumwi."

Kwa hiyo pale penye zambarau palikuwa na watu wawili na mkungu wa ndizi. Sikuwa tena na kipimo. Nilikuwa na mchanganyiko, na mama anakunja kanga kwenda kupasuliwa kwa ajili ya mchanganyiko huo. Nilirudi hospitali nikikimbia, njiani nikiyapanga maneno. Ningesema: Daktari, shangazi yangu amejaza chupa. Nikaisikia sauti yangu ikilisema hilo mbele yake, mbele ya wauguzi, na jinsi ambavyo wangecheka kwa miaka. Msaidizi wa maabara, mwenye kalamu mbili, ambaye ukoo wake unachangia mkojo. Nilipofika mlangoni kwake maneno yalikuwa yameshageuka.

"Daktari, nimegundua mama alikula ndizi," nilisema.

Alikasirika kwelikweli. Alizungumza lugha yake kwa muda. Lakini barua aliichana. Akaamuru mama alazwe, aangaliwe na muuguzi, asipate chochote isipokuwa ugali na maharage, na kipimo kirudiwe. Nilijiona nimeokoa maisha ya mama yangu, na ni kweli pengine nilikuwa nimeyaokoa.

Safari hii chupa ilirudi na kiasi cha robo tatu ya lita. Mama aliifunika kwa kanga na kuukwepa uso wa muuguzi. Tukachemsha, tukachuja, tukatundika karatasi. Alama ya mama ilikuwa hafifu, hafifu kama yangu. Daktari alizitazama karatasi mbili pamoja dirishani, akatikisa kichwa, akaandika kwenye daftari karibu na ile ya kwanza neno moja: ndizi.

Nilimpelekea mama habari njema. Nilikaa ukingoni mwa kitanda chake wodini.

"Huna ule ugonjwa, mama. Hutapasuliwa."

"Alhamdulillahi," alisema. Kisha akafikiri. "Kwa hiyo siogopi?"

"Huna ule ugonjwa."

"Na saa tisa ikifika?"

Nilitazama viatu vyangu. Daktari alimpa vidonge vya kutuliza, akarudi kijijini pamoja na shangazi kwa basi la Handeni, na saa tisa iliendelea kuja.

Ungedhani nililala vizuri baada ya hapo. Sikulala. Neno lile la daktari lilikuwa la uongo wangu, lakini lilikuwa limeandikwa, na nilipolisoma mara nyingi nilianza kulikubali. Mama hakula ndizi. Lakini shangazi alikula. Basi ni ndizi kweli, mwili wa nani si hoja. Hapo nilitulia. Kisha nikakumbuka jinsi zambarau ile ilivyokuwa nzito. Siku moja daktari akiwa hayupo nilikula ndizi sita, nikatumia dawa zake kidogo bila ruhusa, nikajipima mwenyewe. Ilitokea alama, ndiyo, mahali palepale au karibu na palepale, lakini ya kahawia iliyochanganyika na kijivu, si ile. Halafu nikawaza kwamba labda shangazi alikula ishirini. Anaweza. Halafu nikakumbuka jasho lake wakati wa kipupwe. Halafu nikajikumbusha kwamba shangazi haumwi. Nilizunguka hivyo kwa wiki na wiki, na kila nilipofika kwa shangazi nilikuta mlango ambao ili niufungue ningelazimika kwanza kumwambia daktari kwamba nilimdanganya.

Wakati wa palizi nilikwenda kuwasalimu. Niliwakuta shamba la kijiji, safu ndefu ya watu wakipalilia mahindi, shangazi katikati akiongoza wimbo. Kulikuwa na mawingu, upepo mzuri. Nilisimama kandokando nikamtazama bila yeye kujua. Wimbo ulikatika. Aliinua mgongo, akaweka kiganja kifuani, na uso wake ulipauka mpaka midomo ikawa kama imepakwa majivu. Jasho lilimtoka likadondoka kidevuni. Wenzake hawakusimama, walikuwa wamezoea. Baada ya muda akajifuta kwa upindo wa kanga, akaniona, akacheka.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Jua hilo."

Hapakuwa na jua. Nilirudi Korogwe siku ileile, nikaenda moja kwa moja kwa daktari, nikamwambia yote. Chupa, kujazia, ndizi, uongo. Nilidhani ardhi itanimeza. Yeye hakucheka wala hakunifokea. Alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu.

"Miezi mitatu, ndugu," alisema.

Aliniambia dawa za kipimo zimebaki za mara moja tu. Akaniambia nikamlete huyo shangazi, au kama hawezi kuja, nipeleke chupa. Niliosha chupa ileile, nikatia tindikali, nikapanda basi.

Shangazi hakutaka kuja. Palizi haijaisha, na aliyeonekana mvivu siku zile aliitwa majina. Basi chupa. Na hapa, Mungu anisamehe, adabu ilinishika tena. Sikuweza kuongea na shangazi habari ya mkojo wake mwenyewe. Kumwagiza kuhusu wa mama niliweza, kwa shida, lakini wake? Nikampa mama maelezo, tukiwa wawili nyuma ya nyumba, mimi nikichora chini kwa kijiti. Nilimwambia kila kitu kwa uwazi ambao sijawahi kuutumia kwa mzazi. Wa shangazi peke yake. Asijaze mtu mwingine. Hata wewe, mama, hata tone. Ndizi asile, chai asinywe, siku tatu. Mama alicheka, mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu wahamie pale, akaficha mdomo kwa kanga.

"Nimeelewa," alisema. "Sitamsaidia."

Niliwaambia waniletee mara tu itakapokuwa tayari, kondakta wa basi tunafahamiana. Nilingoja wiki ya kwanza. Nilingoja ya pili. Daktari alikuwa akiniuliza kila asubuhi kwa macho. Wiki ya tatu kondakta alikuja, lakini hakubeba chupa. Alibeba habari kwamba shangazi ameanguka shambani, amelalamika kichwa mara moja tu, na hakufika jioni.

Nilizika kama watu wengine. Watu walisema ni kazi nyingi, wengine wakasema jicho la watu, maana alisifiwa mno. Mimi sikusema kitu kwa sababu sikuwa na kitu. Mshipa wa kichwani ukishindwa unaua hivyo. Lakini unaua hivyo hata wasio na nyama juu ya figo. Ile karatasi ya kwanza daktari alinipa nikaihifadhi, na zambarau ilikuwa imeanza kugeuka kahawia. Kama ilikuwa hofu ya shangazi, basi mwanamke yule alikuwa akiogopa kila siku ya maisha yake na kuiita jua. Kama ilikuwa ndizi, basi nimejitesa bure. Daktari alimaliza mkataba akaenda kwao bila kujua, na mimi bado sijui.

Baada ya arobaini mama alikuja Kilole. Alikuja na basi la asubuhi, kikapu mkononi, na ndani ya kikapu imo ile chupa ya kahawia. Aliiweka mezani. Ilikuwa nzito. Niliinua kitambaa nikaona mbegu za mahindi, nyeupe, zimechaguliwa moja moja, zimejaa mpaka shingoni.

"Ni mbegu zake," mama alisema. "Alizichagua mwenyewe. Chupa nimeiosha kwa majivu mara saba, usiogope."

"Mama, kwani hakuitumia?"

Akakaa kwanza. Alivua ndala, akazipanga vizuri.

"Aliitumia. Asubuhi hadi asubuhi, kama ulivyosema. Ndizi hakula. Nilimlinda mimi."

Nikavuta kigoda karibu yake.

"Ilifika nusu. Ilikuwa haijafika nusu, kusema kweli. Akaniambia, wifi, nichangie kidogo, kesho basi linapita. Nikamkatalia. Nikamwambia mtoto amekataza. Aliniomba mara mbili. Akasema, mimi nilikuchangia, wifi. Nikamkatalia." Mama alikuwa anaangalia chupa, si mimi. "Basi akasema hawezi kuirudisha hospitali vile, watamwonaje. Akaenda kuimwaga nyuma ya choo. Akasema atajaribu tena akishapumzika, baada ya palizi."

Hasira ilinipanda, nikatafuta wa kumkasirikia, na chumbani mle tulikuwa wawili tu.

"Nilifanya vibaya?" mama aliuliza.

"Hapana, mama. Ulifanya nilivyokuambia."

Alitikisa kichwa kama mtu aliyepewa jibu la swali jingine. Akaisogeza chupa upande wangu, na mimi nikaipokea kwa mikono miwili, kama inavyopokewa, nikashukuru. Tulikula. Tuliongea habari za mvua na za nani amepewa nyumba ya shangazi. Ilipofika saa tisa alinyamaza katikati ya maneno, akainuka, akaenda kukaa kizingitini na kushika mwimo wa mlango. Nikaenda nikakaa naye, chupa ikiwa mapajani mwangu.